Alhamisi kwa Mtani

Kijiji cha Mwalutongo,
S.L.P. Igunga.
12 Novemba 1974

Kwako Shangazi Mwamvita, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta kibarazani kwenye cherehani yako, na miguu haijaanza kuvimba kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa na ng'ombe wanakonda, lakini kijiji kimesimama, nyumba mia na arobaini kwa mistari, kama ulivyosikia.

Amne nimempandisha basi jana. Ana mimba ya miezi miwili, na maji huku ni ya mbali. Nimemwambia akae kwako mpaka ajifungue. Mpokee kama ulivyonipokea mimi baba alipofariki.

Jambo ninalokuomba ni dogo. Tangu mwezi wa tisa kuna kitu kimenikaa kifuani, na si kikohozi. Nikisimama mkutanoni kuwaeleza watu habari ya kupanda, maneno yanafika kooni yanakwama, nabaki nimeshika chaki. Nyumbani ni vilevile. Nafikiri nahitaji mtu wa kuzungumza naye, mtu mzima asiye wa kazini. Wewe unawajua watu wa Tabora. Nitafutie mmoja, ila usimwambie mtu mwingine.

Mimi uliyenilea,
Twalibu Mabruki


Ng'ambo, Tabora.
2 Desemba 1974

Mwanangu Twalibu, marahaba.

Miguu imevimba, asante kwa kunikumbusha. Amne alifika salama na karanga zake. Anakula, analala, hasemi. Hivi huko kwenu maneno mnapimiwa kwa kibaba? Namuuliza habari za mumewe, ananijibu "mzima", basi. Siku nzima nimekaa na neno moja.

Mimi kwa upande wangu naringa. Kila anayekuja kupimwa nguo namwambia, mtoto wa kaka yangu ni bwana shamba, amehamisha kijiji kizima na hakuna aliyepigwa hata kofi. Wanawake wa mtaa huu wananikimbia sasa, wamechoka kusikia. Ile kaunda suti ya kijivu niliyokushonea uvae siku ya kuhama ilikukaa? Ulipiga picha? Nitumie niitundike ukutani, iwakere vizuri.

Kuhusu kifua, mtu ninaye. Sheikh Yahaya, rafiki wa marehemu baba yako, amesomea watu wengi wakapona. Njoo mwezi huu huu. Nitamwambia ni kifua tu, wala usiwe na wasiwasi. Mambo ya ndani yatabaki ndani.

Shangazi yako,
Mwamvita


Mwalutongo.
9 Januari 1975

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe nilivyoondoka asubuhi ile bila kunywa uji. Najua ulikuwa umeshaukoroga. Amne mwambie nimefika salama. Hatukupata nafasi ya kuzungumza, au tuliipata tukaiacha ipite.

Sheikh alinipokea vizuri mno. Alinikalisha kwenye mkeka wake, akaanza kunihadithia baba: alivyokuwa mkweli, alivyorudisha mbuzi wa watu waliopotea hadi Sikonge. Kisha akaniuliza, "Enhe, mwana wa Mabruki, nini kinakusumbua?" Ningesema nini mimi? Nikasema kifua. Akanisomea, akaniandikia kombe, nikanywa mpaka tone la mwisho. Nililia pale, naye akadhani ni baraka.

Yule mganga wa njia ya Nzega, uliyeniandikia jina lake kwenye karatasi ya kukatia nguo, nimekwenda kwake pia. Aliniuliza kama yupo mzee anayenisalimia kupita kiasi. Nikasema yupo, Mzee Ngollo. Akasema, "Huyo ndiye." Naona aibu kukuandikia hili, lakini nilirudi nikitembea mwepesi. Siku nzima nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Kesho yake nikakutana naye ghalani, akanivulia kofia kama kawaida yake: "Mwangaluka, bwana shamba." Nikazunguka nyuma ya ghala nikatapika. Dawa nimezimwaga.

Mpunga umeota. Mtama hapa na pale.

Twalibu


Ng'ambo, Tabora.
1 Februari 1975

Mwanangu, marahaba, ingawa hustahili.

Unamwaga dawa ya watu? Mimi nimekwenda kumbembeleza yule mganga na miguu yangu hii, wewe unamwaga. Haya. Mjukuu wa jirani ameozwa, bati la jikoni limepeperuka, mengine ni mazima.

Sasa nijibu. Ngollo ni nani? Nilipomsomea Amne barua yako na kufika kwenye jina hilo, aliweka ungo chini akatoka uani. Nikamfuata. Akasema, "Muulize yeye." Basi nakuuliza.

Na hili nalisema hivi hivi, maana silijui pambo lake: Amne hataki kurudi Mwalutongo. Hana ugomvi na wewe. Hukumpiga, hukuoa mwingine, hukumnyima chakula. Anasema hatalea mtoto katika nyumba ambayo baba wa nyumba hasemi. Anasema ulikuwa ukiingia jioni unakaa kama mzigo ulioshushwa, na yeye anaongea na sufuria. Nimemwomba asikate shauri mpaka ajifungue, nikamwahidi utakuwa umepona. Nimetoa neno langu kwa ajili yako, Twalibu. Nenda hospitali, basi, kama masheikh na waganga hawakufai.

Na swali la suti hulijibu. Kwani ilikubana?

Mwamvita


Mwalutongo.
16 Machi 1975

Shangazi, shikamoo. Mvua ilikuja kwa fujo halafu ikakatika. Mpunga wa bondeni umenusurika. Msalimie Amne, mwambie nauliza mtoto anacheza.

Nilikwenda hospitali. Daktari ni mtu mwema. Aliniuliza nina tatizo gani, na nyuma yangu mstari wa watu kumi na tano, wanne wa kijiji changu. Nikasema kifua. Akaniandikia vidonge. Dirishani pa dawa alikuwepo tabibu mmoja anaitwa Justus, Mgogo wa upande wa Kilimatinde. Akasoma jina langu na nilikozaliwa, akaweka chupa chini. "Mnyamwezi," akasema kwa sauti, "babu yako alipita kwetu na pembe ya ndovu begani, miezi mitatu, hakulia. Wewe kifua tu kimekushinda?"

Mtani wako akikutukana hukasiriki, unajua mwenyewe. Mstari mzima ulicheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Nikamjibu kwamba babu alilia, ila kwa kiu, maana Wagogo walimtoza doti ya kitambaa kwa kila kibuyu cha maji. Maneno yalitoka yenyewe, Shangazi, hayakukwama. Justus akanitazama vizuri. Akasema, "Rudi Alhamisi, wagonjwa wakiisha. Vidonge hivyo unywe ukitaka."

Nimekwenda Alhamisi tano. Ana kazi ya bendeji: zinafuliwa, zinachemshwa, zinaanikwa, halafu zinakunjwa upya. Ananipa fungu langu nami nakunja, yeye anakunja lake, hatutazamani. Lakini kwanza lazima nitukanwe pale mlangoni. Kwa sheikh nilikuwa mwana wa Mabruki. Kwa daktari nilikuwa bwana shamba. Kwa Justus mimi ni Mnyamwezi tu, na Mnyamwezi kwake hana heshima ya kupoteza. Alhamisi ya nne nikamwambia. Nakuambia na wewe, kabla mkono haujaniacha.

Mzee Ngollo ndiye mkulima wa kwanza kunikaribisha nilipohamishiwa huku. Nimekula ugali wake miaka mitatu. Ana mtama wake mweupe, mrefu, usiopatikana ofisini, na mimi nilikuwa nikiwapeleka wakulima wengine kwake waone jinsi ya kuhifadhi mbegu. Hakutaka kuhama, kaburi la mkewe liko pale. Nilimwambia kisima cha kijiji kipya kimeshachimbwa. Hakikuchimbwa. Tulikuwa tumepigilia vigingi tu. Aliniamini, akapakia kitanda na masufuria kwenye mkokoteni wa punda, akasema vilivyobaki atavifuata kesho kwa kikapu. Sikumwambia kwamba nyumba ikishahamwa inachomwa siku hiyo hiyo, watu wasirudi.

Mgambo walikuwa wamechoka, wameketi kivulini kwenye boma jingine. Nikawaambia hii nitaichoma mimi. Nilijiona nitafanya kwa adabu kuliko wao. Niliingia ndani nikakagua. Nikatoa kinu. Nikamtoa kuku aliyekuwa akiatamia, na mayai yake, nikamweka chini ya kichaka. Nikajisifu moyoni. Kisha nikawasha kiberiti, nikiwa nimevaa suti yako.

Paa lilipoanza kushuka ndipo nikasikia harufu ya mtama. Masuke ya mbegu yalikuwa yananing'inia juu ya meko, ndani ya moshi, wadudu wasiyaguse. Pale pale nilipokuwa nikiwaonyesha wageni kwa kidole. Nilikagua mpaka kuku, Shangazi, sikuinua macho.

Amne aliniuliza harufu ya nini ile. Nikasema nyasi. Baadaye akasikia kwa wanawake wenzake kwamba mbegu za mzee zimeungua, akanitazama, nikanyamaza. Kunyamaza kulianzia hapo. Mwezi wa Desemba nilimgawia Mzee Ngollo mbegu za ofisini, ule mtama mfupi. Alizipokea kwa mikono miwili akanishukuru mbele ya watu.

Nilipomaliza, Justus aliweka chini bendeji aliyokuwa akikunja. Akasema, "Hili sitalitania." Akanisogezea bendeji nyingine. Hakuniambia si kosa langu, na kwa hilo nilimshukuru. Aliniambia nirudi Alhamisi.

Suti iko sandukuni. Nimeifua mara tatu, moshi hautoki.

Twalibu


Mwalutongo.
20 Aprili 1975

Shangazi, shikamoo.

Ni wiki tano sasa. Posta nauliza kila gari likija mpaka karani ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Kama barua yangu imekuudhi, niandikie umeudhika. Kama Amne ameisoma, niandikie ameisoma. Kimya chako nakijua, maana hata mimi nilikuwa nacho.

Twalibu


Ng'ambo, Tabora.
4 Mei 1975

Mwanangu Twalibu, marahaba.

Salamu leo nitaziandika kwa ufupi. Tuko hai. Amne tumbo limeshuka, mkunga anasema mwezi ujao mwanzoni.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na saba Machi, na nilikujibu kesho yake. Niliandika hivi: "Nimesoma. Barua zangu zote zichome. Usimwambie mtu mwingine, na huyo Mgogo umwache." Nikaikunja. Sikuipeleka posta. Sijui kilichonizuia, niliisukuma chini ya cherehani nikaendelea kushona sare za shule kama mtu asiyeona. Mwezi mzima nikipiga mguu, naigusa.

Juzi Amne akaikuta akifagia. Hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kumshika. Alisimama na ufagio akaniuliza, "Shangazi, aibu hii unayoificha ni ya Twalibu au ni yako?"

Ni yangu. Naiandika kwa mkono wangu mwenyewe ili nisije nikaikana. Uliniomba mtu wa kuzungumza naye, mimi nikakutafutia watu wa kukunyamazisha. Sheikh nilimchagua kwa sababu angekuona wewe ni baba yako. Mganga nilimchagua kwa sababu wale humpata mkosaji daima, na mkosaji hawi mteja. Sikukifikiria kifua chako, mwanangu. Niliwafikiria wanawake wa mtaa huu, na yote niliyowaambia nikiwa nimewazungushia utepe kiunoni. Nilijua kuna jambo tangu uliponikwepa habari ya suti. Fundi anajua nguo isipovaliwa kuna sababu, ila sikutaka kuisikia.

Basi nikampa Amne barua yako. Aliisoma mwenyewe kwa sauti, mimi nimekaa pale kama mshtakiwa. Alipofika kwenye kuku alisimama kidogo. Akamaliza. Akasema, "Amemwambia Mgogo. Ametuambia sisi. Mwenye mbegu hajaambiwa."

Nikamwambia kwamba huyo mzee anaweza kukushtaki, au kukulaani. Akasema hilo halijui, lakini mpaka mzee aambiwe, yeye bado anaishi na mtu asiyesema. Ndivyo alivyosema, na mimi sina la kuongeza. Nakuogopea.

Mwamvita


Mwalutongo.
25 Mei 1975

Shangazi, shikamoo. Amne, salaam, na wewe usome hii.

Alhamisi nilimpelekea Justus maneno ya Amne. Nilitaka anishauri. Alikunja bendeji tatu nzima ndipo akasema, "Mimi sikutumi, wala sikukatazi. Ukirudi, bendeji zipo."

Jana asubuhi nilikwenda. Mzee Ngollo alikuwa nje ya nyumba yake, ya tatu mstari wa pili, anatia mpini kwenye jembe. Akavua kofia. "Mwangaluka, bwana shamba." Nikaitikia, nikachuchumaa. Koo lilikwama kama zamani. Nikajisemea moyoni, Mnyamwezi, mzigo ni wako, na koo likaachia kidogo.

Nikamwambia, "Mzee, nyumba yako hawakuichoma mgambo. Niliichoma mimi. Na nilijua mbegu zinakaa wapi."

Aliendelea na mpini wake. Nikamweleza yote: kisima, kesho yake ya kikapu, kinu, kuku. Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote huchanganya na Kisukuma chake, "Mtama ule mke wangu alikuja nao kutoka kwa mama yake. Sasa hauko mahali popote." Nikasema najua. Akasema, "Nilikuwa nakusalimia kwa kuwa nilidhani walikulazimisha usimame uone. Nilikuwa nakuhurumia."

Akavaa kofia yake. Akaniambia niondoke kivulini mwake, anahitaji mwanga. Nikaondoka.

Leo asubuhi tumepishana ghalani. Hakunisalimia. Alinipita kama nguzo. Iliuma kuliko nilivyofikiri, maana hata salamu ile niliyokuwa nikitapika kwa ajili yake, kumbe nilikuwa naishi kwayo. Lakini ilikuwa yake, alimpa mtu mwingine asiyekuwepo, na ana haki ya kuichukua.

Mchana ulikuwepo mkutano. Nilisimama, nikawaambia watu kwamba mbegu za Mzee Ngollo zilichomwa na bwana shamba, na kwamba yeyote mwenye hata suke moja la mtama mweupe mrefu alilopewa na mzee zamani amrudishie. Katibu aliandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini, nitajua. Hakuna aliyesema ana suke. Nikaendelea na habari ya samadi. Nilizungumza nusu saa, na chaki nikaitumia.

Sina zaidi. Amne, sijui kama hiki ndicho ulichotaka. Sasa hivi mimi ni mtu mwenye aibu anayesema. Ndiye aliyepo.

Twalibu


Ng'ambo, Tabora.
9 Juni 1975

Mwanangu Twalibu, marahaba.

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, posta isinicheleweshe. Amne amejifungua jana adhuhuri, mtoto wa kike, mzima, ana paji la uso la kaka yangu na hasira za mama yake. Wote hawajambo.

Barua yako ilifika siku mbili kabla. Amne aliisoma kimya safari hii, akaitia chini ya mto wake. Nilimuuliza anasemaje. Akasema anataka uji.

Wanawake wa mtaa walikuja kuona mtoto. Mmoja akaanza, "Mtoto wa bwana shamba aliyehamisha watu bila kofi." Nikamwambia, "Bila kofi ndiyo, ila alichoma mbegu za mzee mmoja, na mimi nilitaka kuficha." Walitafuta viatu vyao mapema kidogo. Mtaa sasa una la kusema, waseme. Ile suti uje nayo. Niliishona kwa majivuno, nitaifumua mwenyewe uzi kwa uzi.

Sasa sikiliza. Sheikh Yahaya alikuja jana hiyo hiyo, ametawadha, tayari kumwadhinia mtoto sikio la kulia, maana babu yake hayupo na baba yuko mbali. Amne alimfunika mtoto kwa kanga, akamgeuzia kifuani. Akamwambia, "Sheikh, tuwie radhi. Huyu baba yake ana sauti." Sheikh akasema si vizuri kuchelewesha. Amne akamjibu kwamba yeye amengoja tangu mwezi wa tisa, mtoto atangoja siku mbili.

Panda basi la kwanza. Ukifika usikae barazani kunisalimia mimi, salamu zangu zitakuwepo. Pita moja kwa moja chumbani. Sikio la kulia halijasikia neno la mtu.

Shangazi yako,
Mwamvita